Don Knotts na risasi moja mfukoni

Ukimtazama mwigizaji wa Marekani Don Knotts akiwa naibu sherifu Barney Fife katika The Andy Griffith Show, mchezo wa kuchekesha wa televisheni, usiuache mfuko wa shati lake. Humo mna risasi moja tu. Sherifu Andy hamruhusu kuitia kwenye bastola mpaka haja itokee, kwa sababu bastola ya Barney hufyatuka ingali kiunoni. Hatari ikisikika, mkono unakimbilia mfukoni, vidole vinatetemeka, na uso ni wa shujaa aliyeitwa vitani. Barney hajui kabisa kwamba anachekesha. Mwigizaji akionyesha kidogo tu kwamba anajua, kicheko kinakufa.

Mtetemo ule Knotts aliuleta. Miaka ya 1950, katika kipindi cha televisheni cha Steve Allen, tayari aliigiza mtu mwoga anayehojiwa barabarani. The Andy Griffith Show ilipoanza mwaka 1960, mpango ulikuwa Andy Griffith mwenyewe, aliyeigiza Sherifu Andy, ndiye achekeshe. Mapema sana akaona Barney anafaa zaidi, akajigeuza kuwa msikilizaji mtulivu. Kazi hiyo haisifiwi inavyostahili: bila jicho la Andy, kiherehere cha Barney kingebaki kelele.

Knotts alipata tuzo 5 za Emmy, tuzo za televisheni za Marekani, kwa uhusika huo wa mwigizaji msaidizi, na 2 kati ya hizo alizipata kwa kurudi kama mgeni. Aliondoka mwaka 1965 akidhani mchezo unafikia mwisho, akiwa ameshajifunga kutengeneza filamu. Mchezo ukaendelea hadi 1968.

Mchezo ule ulipigwa kwa kamera moja, bila watazamaji. Vicheko viliongezwa baadaye. Hapo mwigizaji hukisia urefu wa kicheko asichokisikia. Akiwahi, sentensi inayofuata inamezwa. Akichelewa, tukio linapoa. Tena kila kitendo kirudiwe vilevile: ukishika risasi kwa mkono wa kulia kamera ikiwa mbali, kisha kwa wa kushoto ikisogea, mhariri hana pa kuunganisha.

Mwaka 1979 akaingia mchezo mwingine wa kuchekesha, Three's Company, kama Ralph Furley, mwenye nyumba mwenye nguo za kung'ara na skafu shingoni, anayejiona kipenzi cha wanawake. Hapa watazamaji walikuwa studioni. Kicheko kikirefuka, huwezi kusimama tu ukisubiri kiishe. Mwili lazima uendelee na jambo dogo, macho yatoke, skafu irekebishwe, halafu useme sauti inapoanza kushuka. Ukingoja kimya kitimie, umechelewa.

Nafasi hiyo iliachwa na Norman Fell na Audra Lindley, walioigiza wenye nyumba wa kwanza, akina Roper, kisha wakapewa mchezo wao wenyewe. Uliisha mwaka 1980. Kwa maoni yangu, uhondo wao ulikuwa kuingia, kuvuruga mambo na kuondoka. Nusu saa nzima nyumbani kwao iliwanyima mlango wa kuingilia. Furley aliendelea kuutumia mlango huohuo hadi 1984.