Nemo wa Boston, 1873

Kuna kitabu kimoja kwenye rafu yangu nisichomwazima mtu yeyote: Twenty Thousand Leagues Under the Seas, riwaya ya Mfaransa Jules Verne, toleo la Kiingereza la George M. Smith wa Boston, mwaka 1873. Jalada ni kitambaa cha kijani chenye nakshi za dhahabu. Mgongo umechakaa juu na chini, nami nimeuacha hivyohivyo. Napenda kuona kwamba kimesomwa.

Aliyetangulia kukichapisha Marekani ni James R. Osgood. Novemba 1872 moto mkubwa ukateketeza sehemu ya biashara ya Boston, na nakala zenye jina lake zikawa adimu mno. Smith akaendelea na kazi. Kwa hiyo wengi wetu tunaokusanya vitabu vya zamani tunaishia kwa Smith, na mimi nimeridhika.

Tafsiri yenyewe inaniuma. Kasisi Mwingereza Lewis Page Mercier, aliyejiita Mercier Lewis, alikata karibu robo ya kitabu, hasa sayansi. Aliyeonewa zaidi ni Conseil, mtumishi wa Profesa Aronnax, ambaye raha yake yote ni kupanga viumbe wa bahari katika jamii zao. Hata hesabu zimevurugika. Verne alisema chuma cha pua cha Nautilus, nyambizi ya hadithi hii, ni kizito mara 7.8 kuliko maji. Kwa Mercier ni kati ya 0.7 na 0.8, yaani chuma kinachoelea! Verne, aliyejali vipimo namna ile, hakustahili hayo.

Hata hivyo sikiachi. Kwa karibu karne nzima wasomaji wa Kiingereza walimjua Nemo, nahodha wa Nautilus, kwa maneno haya, hadi mhakiki Walter James Miller alipoanika mapengo yake miaka ya 1960. Nikitaka hadithi kamili nasoma tafsiri aliyoitoa pamoja na Frederick Paul Walter mwaka 1993. Hiki nakifungua kwa ajili ya picha za wachoraji Riou na de Neuville, hasa ile ya Atlantis, nchi ya hekaya iliyozama baharini: watu wawili wadogo waliovaa mavazi ya kupigia mbizi, wakitazama magofu chini ya bahari. Naweza kuitazama jioni nzima.

Ukipata cha kununua, hesabu kurasa za picha kabla ya kulipa. Picha ni zaidi ya 100, na wauzaji wengine huzing'oa ili waziuze mojamoja. Na kama unayo ya Osgood, tafadhali niandikie. Ningependa tu kuuona ukurasa wake wa kwanza.