Yuniti 19 kwenye baraza la Mji wa Kale

Tufe la kioo lilivunjika Likoni, kabla sijafika hata mahali pa kulitumia. Abiria wa basi tulishushwa tuvuke kwa miguu kama ilivyo ada, nami nikaona si busara kuliacha sanduku kwenye buti. Nikalikumbatia kifuani. Feri ilipogusa ng'ambo na watu wakaanza kumiminika, mkokoteni wa machungwa ukanipita ubavuni, mpini ukagonga sanduku, na nikasikia sauti ndogo tu, kama ya yai. Mwenye mkokoteni alisimama, watu wakimpigia kelele awapishe, akafunua kifuniko pamoja nami.

"Pole sana, ndugu yangu. Ni taa?"

Nikamwambia ndiyo, ni taa. Sikuwa na nguvu ya kueleza zaidi.

Lilikuwa tufe la plazma. Ukiliwasha, nyuzi za zambarau hucheza ndani yake na kufuata kidole chako popote kinapogusa kioo. Nililinunua Dar es Salaam kwa mshahara wangu wa ualimu, kwa sababu sijaona njia nyepesi kuliko hiyo ya kumwonyesha mtoto plazma, gesi ambayo atomu zake zimevuliwa elektroni, hali ya maada iliyomo ndani ya jua. Nafundisha fizikia Tanga, na huu ni mwaka wa tatu najitolea kuwaeleza watu habari za utafiti wa nishati ya muunganiko wa nyuklia. Julai ya 2025 nilialikwa na klabu ya sayansi ya shule moja Mombasa. Nilikuwa na tufe, chupa tupu ya kuchotea maji ya bahari, na vipeperushi 200 nilivyoletewa na mwenzangu anayefanya kazi ya mawasiliano kwenye mradi mmoja wa Ulaya. Nilivitafsiri mwenyewe. Mstari wa kwanza ulisema: "Nishati safi isiyo na mwisho kwa binadamu wote."

Tuktuk kutoka feri hadi Mji wa Kale nilitozwa shilingi 400. Mwenyeji wangu aliposikia alishika kichwa. Chumba kilikuwa 2,500 kwa usiku, na niliahidiwa feni na chai ya asubuhi. Chai ilikuwepo.

Feni ilisimama saa tatu usiku. Mita ya kwenye ujia ilikuwa ikilia tangu magharibi na hakuna aliyeijali. Kijana wa mapokezi akapita mlango kwa mlango: tokeni imekwisha, mwenye nyumba hashiki simu, kila mgeni atoe 200. Nilitoa kwa uchungu, maana zile 2,500 ndizo zilizopaswa kuizungusha feni. Kisha nikatoka nje kuwakimbia mbu.

Hatua chache kutoka hapo kuna baraza ambapo muuza kahawa huweka dele lake. Walikuwepo wazee wanne. Nikawaamkia, nikasogezewa nafasi, nikapewa kikombe na kipande cha kashata. Mmoja wao, aliyekuwa fundi umeme melini kwa miaka mingi, aliniuliza nimeleta nini Mombasa. Nikampa kipeperushi. Alivaa miwani, akasogea kwenye taa ya duka, akasoma hadi mwisho, kisha akakikunja mara mbili.

"Hii ndiyo ile ya Uyombo?"

Nilijua kuwa watu wa Uyombo, kule Kilifi, waliandamana mwaka 2024 kupinga mpango wa kujengewa kinu cha nyuklia. Lakini kwa kuwa huu wetu ni utafiti wa namna nyingine, sikufikiri swali hilo lingenifikia. Neno lenyewe ni lile lile, na mtu aliyekwisha kuogopeshwa nalo hawezi kusubiri ukurasa wa tatu ndipo atofautishiwe. Kipeperushi changu kilitofautisha kwenye ukurasa wa tatu.

Basi nikaanza upya kwa mdomo. Kinu cha kawaida hupasua kiini kizito cha urani. Huku tunaunganisha viini vyepesi vya aina mbili za hidrojeni, deuteri na triti, na kinachotoka ni heli, nutroni na joto jingi. Viini vyote viwili vina chaji chanya, kwa hiyo husukumana. Ili vikubali kukutana katika mashine za sumaku huhitaji joto la nyuzi milioni 150 hivi, mara kumi ya kitovu cha jua. Hakuna chombo cha kuhimili hilo. Ndiyo maana plazma huning'inizwa kwa sumaku, isiguse ukuta.

Sumaku mzee alizielewa kabla sijamaliza. Alichovya kidole kwenye kahawa akachora kwenye saruji umbo la tyubu ya gurudumu. "Hivi?" Ndivyo hasa.

"Na stima zikipotea?"

"Plazma inapoa, inazimika. Haijiendeshi yenyewe."

"Haina sumu?"

Hapo kipeperushi kilisema "salama" na kunyamaza. Nikamwambia lililo kweli: triti ina mionzi, hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei, na kuta za mashine nazo hupata mionzi kwa kupigwa na nutroni. Wale wengine watatu, waliokuwa na mazungumzo yao ya mpira, wakanyamaza wakasikiliza. Nadhani ni kwa sababu nilitaja ubaya wake.

"Sasa nambie kwa yuniti," akasema mzee. "Hapa sisi twanunua yuniti."

Miaka mitatu, shule sijui ngapi, na sijawahi kuifanya hesabu hiyo mbele ya mtu. Nikageuza kipeperushi, nikaandika mgongoni. Yuniti moja ni megajuli 3.6. Mwezi Oktoba 2023 mashine ya JET kule Culham, Uingereza, ilitoa megajuli 69, rekodi yake ya mwisho. Gawanya: yuniti 19 na kidogo. Kwa sekunde tano hivi.

"Kumi na tisa!" Alicheka, si kwa dharau. "Kwa mafuta kiasi gani?"

Miligramu 0.2. Nilitafuta kwenye kiganja changu masalia ya kashata hadi nikapata punje moja ya sukari, nikaiweka kwenye ncha ya kidole chake. Pungufu ya hiyo, nikamwambia. Akaisogeza karibu na miwani, akaitazama muda mrefu kuliko alivyokitazama kipeperushi changu.

"Na mlitia ngapi?"

Joto lililotiwa lilikuwa zaidi ya lililotoka. Na Marekani, kwenye maabara ya leza ya NIF, Desemba 2022, miale ilipeleka megajuli 2.05 kwenye kidonge cha mafuta ikapata 3.15. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kidonge kulipa zaidi ya kilichopokea, lakini leza zenyewe zilivuta megajuli 300 hivi kutoka kwenye gridi. Yuniti 83 kwa ajili ya kupata pungufu ya moja.

"Basi mpaka leo ni hasara."

"Mpaka leo ni hasara, mzee wangu. Mashine ya ITER inayojengwa Ufaransa imekusudia kutia megawati 50 za joto kwenye plazma ipate 500. Hata hizo hazitageuzwa umeme, ni majaribio."

Alirudisha punje kwenye kisahani kwa uangalifu. "Ungelianza hapo. Hii," akagusa mstari wa kwanza wa kipeperushi, "tushaambiwa sana. Mtu akija na hasara yake mkononi, nitamsikiliza."

Siku mbili za shuleni zilikwenda vizuri na sina mengi ya kusema juu yake. Sikugawa vipeperushi. Niliandika hesabu ya yuniti ubaoni, nikapitisha punje za sukari, na chupa ya maji niliyoyachota ufukoni Mama Ngina: kila lita 1,000 za bahari ile zina gramu 33 hivi za deuteri, ila triti lazima izalishwe kutokana na lithiamu. Tufe nililiwazia mara moja tu. Msichana mmoja aliuliza ITER itaanza lini kuchoma deuteri na triti. Ratiba yao ya sasa inasema 2039. Alihesabu kwa vidole. "Nitakuwa na miaka 30," akasema, na akaiandika daftarini.

Usiku wa mwisho nilimfikiria sana mama yangu. Kwake Ngamiani, Tanga, hununua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kidogo kidogo, elfu mbili, elfu mbili, na kupikia mkaa ili yuniti zibaki kwa taa na friji ya barafu anayouza. Amewahi kuniuliza kazi yangu hii ya kujitolea ni nini, nikamjibu kwa ule mstari wa kwanza. Aliitikia kwa adabu, na hakuuliza tena.

Kurudi feri nilitozwa 150. Tulipofika Ukunda nilikuwa nimekwisha kukata ukurasa wa kwanza. Mahali pake nimeandika: "Mwaka 2023 mashine moja Uingereza ilitoa yuniti 19 za joto kutokana na mafuta yasiyofika uzito wa punje ya sukari. Ilitiwa joto zaidi ya hilo." Tofauti yetu na kinu cha Uyombo imehamia ukurasa wa pili. Nakala ya kwanza ni ya mama, ya pili naituma barazani kwa mkono wa mwenyeji wangu.