Nyumba yetu karibu na bahari
Jamani ni wiki ya tatu sasa tangu tuhamie hii nyumba ya kupanga, vyumba vitatu na bustani nyuma, watoto wanashinda nje mpaka giza linaingia na mi moyo umetulia kabisa. Ila mnaotafuta nyumba mji wa pwani, kagueni bawaba, nondo za madirisha na mabati kabla ya kusaini mkataba, hewa ya chumvi inakula chuma haraka mno, sisi bawaba ya geti ilikatika siku ya pili tu. Na maji ya kisima yaonjeni kwanza! Yetu yana chumvi, miche ya nyanya niliyomwagilia ikaungua majani yote, niliumia sana, sasa nakinga ya mvua na kuchanganya samadi kwenye udongo maana ni mchanga mtupu haushiki maji.