Nilivyojenga mfumo wa maadili kwenye yadi ya malori Tanga

Watu wakisikia "mfumo wa uzingatiaji na maadili", yaani taratibu za kampuni za kufuata sheria na kuzuia rushwa na wizi, hudhani ni mambo ya mabenki na kampuni za simu, wenye majengo ya vioo Dar es Salaam. Mimi, mhasibu, nimeujenga kwenye yadi ya malori hapa Tanga, yenye karakana moja na choo ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba. Na unafanya kazi. Nalisema bila aibu kwa sababu walionishauri walikuwa wengi, na karibu wote walinishauri ovyo.

Kilichotusukuma si uchamungu, tuambizane ukweli. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia hapa kwetu Chongoleani, na kila mwenye lori Tanga alitaka mzigo. Sisi tukaomba kazi kwa kampuni moja ya nje, ya Waingereza, wakatuletea fomu ya maswali. Mna kanuni za maadili? Mfanyakazi akiona ubaya anamwambia nani? Mawakala wenu mnawachunguzaje kabla ya kuwapa kazi? Mzee, ndivyo tunavyomwita mwenye kampuni, akaniwekea mezani. "Mwanangu, jaza ndiyo kote, tuwahi."

"Mzee, nikijaza ndiyo watakuja kutazama."

"Waje. Kwani Waingereza wanatuhusu nini?"

Kama una bosi mbishi, chukua jibu nililompa, nakuazima bure. Sheria ya rushwa ya Uingereza ya 2010, kifungu cha 7, inaweza kuibana kampuni kwa kosa la kushindwa tu kuzuia rushwa ya watu wake, isipokuwa ioneshe kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha. Na shauri la kwanza kumalizwa chini ya kifungu hicho, Novemba 2015, lilihusu pesa za Tanzania. Standard Bank ya London na benki dada yake ya hapa walikuwa wanaitafutia serikali mkopo wa dola milioni 600. Benki ya hapa ikailipa kampuni moja ya hapa hapa asilimia 1, yaani dola milioni 6, na sehemu kubwa ya pesa hizo ikatolewa taslimu. Hakuna aliyedai kwamba London walijua. Hata hivyo walitozwa dola milioni 25.2, na juu yake wakailipa serikali yetu kama milioni 7. Waliopiga kelele kwanza ni wafanyakazi wa benki ya hapa, walioona taslimu inavyotoka.

Mzee alirudia "milioni ishirini na tano, za dola?" kisha akaagiza chai. Nikajua kazi ya kuujenga mfumo nimeipata.

Sasa mshauri. Rafiki yake Mzee alituletea mtaalamu kutoka Dar, akalipwa milioni kadhaa (sitaji, inauma), akatuachia kitabu cha kurasa sitini na kitu, Kiingereza kitupu. Madereva wetu wengine husoma kwa shida hata tiketi ya mzigo. Nilikisoma chote mimi, na huko katikati nikakuta kifungu kinachowakataza wafanyakazi kuuza samaki wa kampuni. Sisi tunabeba saruji na mabomba. Kumbe kitabu kiliandikiwa kampuni ya samaki, sisi tukabadilishiwa jina tu la kwenye jalada.

Nikaandika ukurasa mmoja wa Kiswahili. Hutoi, hupokei, huombi, wala humtumi mtu akutolee. Sheria yetu ya kupambana na rushwa ya 2007 inamhesabu mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, na haina tundu la "kitu kidogo". Wamarekani kwenye sheria yao ya 1977 waliacha kijitundu kwa malipo ya kuharakisha mambo ya kawaida ya ofisini, Waingereza hawakuacha. Mtu akikuambia "hii si rushwa, ni ya kulainisha tu," ujue amesoma sheria ya watu wengine. Ukurasa huo niliusoma yadini kwa sauti siku ya mshahara, kabla ya mshahara. Hakuna aliyeondoka.

Mshauri alikuwa pia ametupigilia sanduku la maoni. Zuri, la mbao, lina kufuli, na limewekwa wapi? Pembeni ya mlango wa ofisi ya Mzee, chini ya kamera. Nilisema siku ile ile kwamba hakuna atakayetia karatasi pale. Nikaambiwa ndivyo kampuni kubwa zinavyofanya. Haya. Likakaa miezi. Tulipolifungua mbele ya kikao tulikuta ganda la biskuti, tiketi ya basi la Korogwe, na karatasi moja imeandikwa kwa herufi kubwa: MAHARAGE YANA MAWE. Mshauri, kwa simu, akasema hiyo ni dalili kwamba kampuni haina matatizo.

Wakati huo huo kila mtu yadini alikuwa anajua nani anauza dizeli njiani. Walinijua na mimi, wameshanibatiza jina la TAKUKURU, ile taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa. Nikipita wanasema, "Jamani, TAKUKURU huyo, ficheni chapati."

Nikakaa nikajiuliza hawa watu shida zao huwa wanampelekea nani. Jibu lilikuwa mtaa wa Chumbageni. Kuna mwalimu mkuu mstaafu, mama wa makamo ya bibi, aliyewafundisha nusu ya madereva wetu na kuwachapa robo yao. Mzee hawezi kumfukuza kazi kwa sababu hajamwajiri. Nikaenda kwake na laini mpya na simu ya vitufe, tukaelewana: kampuni inalipa vocha na posho ndogo ya mwezi, simu inalala kwake, orodha ya namba zilizopiga sioni mimi wala Mzee. Yeye huniandikia jambo lenyewe, bila jina. Hilo la kutunza majina wala si hisani, tuna sheria ya kuwalinda watoa taarifa ya 2015 na ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022.

Halafu ndiyo ujanja wenyewe, ambao najisifu nao mpaka leo: hupigi, unabip. Mlio mmoja, unakata, Mwalimu anakupigia. Mtu hatumii hata senti, na kama amesimama karibu na msimamizi wake, nani asiyebip mtu siku hizi?

Mabip ya mwanzo yalikuwa ya kumpima. Glavu za wapakiaji zimetoboka. Nikazinunua wiki ile ile, nikabandika ubaoni: "Taarifa ilikuja kuhusu glavu. Zimenunuliwa." Watu wakasimama wanasoma ubao kama matokeo ya darasa la saba. Baada ya hapo ndipo dizeli ilipoletwa, na matairi, na mambo mengine ambayo hayabandikwi. Kama utachukua kitu kimoja kwenye maandishi haya chukua glavu. Usianze kwa kuwasaka wezi, anza kwa kujibu.

Jambo la pili lililoninyima usingizi ni daftari la njia. Kila dereva hupewa pesa ya safari na daftari lenye safu: mafuta, maegesho, chakula, mengineyo. Niliyakusanya ya mwaka mzima nikayatandaza sakafuni. Mafuta yana sarafu sarafu, kama risiti inavyosema. Maegesho vilevile. Lakini mengineyo, hasa njia ya Horohoro, mpakani na Kenya, na ile ya Segera kwenda Chalinze, ni elfu kumi, elfu ishirini, elfu tano, hayana hata mia moja ya ziada. Mwandiko ni ule ule, kalamu ile ile, imeandikwa siku ya kurudi. Hizo ndizo pesa za kuwapa wanaosimamisha malori, maana hongo haina risiti. Kampuni ilikuwa inatoa hongo kwa daftari, na mimi mhasibu ndiye niliyekuwa napiga mhuri. Wataalamu wanaita tathmini ya vihatarishi. Mimi ilinitosha sakafu.

Nikaifuta safu ya mengineyo. Mahali pake nikaweka "nimesimamishwa wapi, muda gani, nimeambiwa nini". Dereva mmoja mkongwe akanijia. "Dada, ukinifutia mengineyo umenilaza porini. Nikikataa kutoa nashikwa saa sita. Nikichelewa, Mzee ananikata. Sasa nikutii wewe au nimtii yeye?"

Alikuwa na haki. Kanuni yetu ilisema usitoe, na mshahara ulisema toa. Nikamfuata Mzee, tukabishana mpaka adhana ya magharibi, akakubali mambo mawili: anayechelewa kwa kukataa kutoa hakatwi, tena hupewa posho ya kusubiri. Mwezi wa kwanza posho ilitula, Mzee akanitazama vibaya sana. Baadaye ikashuka, kwa sababu malori yetu yalianza kujulikana njiani kwamba hayana kitu, kuyasimamisha ni kupoteza muda. Posho yote ya mwaka ni ndogo kuliko mengineyo ya miezi michache ya zamani.

Zawadi tuliziwekea rejista. Muuza matairi mmoja alimletea meneja beberu wa Idi, nikaandika: mbuzi 1, dume, ameliwa na yadi nzima. Tulikula pilau, deni la fadhila halikumkaa mtu.

Mtihani wa kweli ulikuwa shemeji yake Mzee, mnunuzi wa spea, ambaye ilibainika duka analonunulia ni la mkewe. Hapo kila mtu akawa ananitazama mimi. Wa kwanza akasema tumsamehe, ni familia. Wa pili, mwanasheria wa mtaani, akasema tumfukuze palepale iwe mfano. Ushauri mbaya kuliko ule wa samaki! Kanuni za utendaji bora za ajira za 2007 zinataka mtu apewe tuhuma kwa maandishi, apate walau saa 48 za kujiandaa, aje na mwenzake wa kumsemea. Ukiruka hapo, ndani ya siku 30 anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwizi wako akalipwa fidia. Tukafuata kila hatua. Mzee akajitoa kwenye kikao, akakaa nje ya geti kwenye benchi la mlinzi. Shemeji alipewa onyo la mwisho, akaondolewa kwenye manunuzi, na ununuzi sasa unataka bei tatu. Sikukuu iliyofuata nasikia mezani kwao hapakuwa na maongezi.

Mkaguzi wa ile kampuni ya nje alipokuja nilimpangia mafaili. Hakuyafungua sana. Alitoka yadini na mkalimani, akamwendea utingo aliyekuwa anafunga turubai, akamuuliza akiona jambo baya anafanyaje. Kijana akatoa simu, akabip. Kabla hajairudisha mfukoni ikaita, akaweka sauti ya nje.

"Haya mwanangu, umeona nini?"

"Mwalimu shikamoo. Hakuna kitu, kuna mgeni anajaribu namba."

"Marahaba. Mwambie na yeye aiandike."

Akaiandika. Kazi tukapata, si yote, sehemu.

Sasa hivi ninapambana na mawakala wa forodha, kwa sababu hongo ukiifukuza kwa dereva huhamia kwenye ankara ya wakala na kujiita "gharama za uwezeshaji". Nimewaandikia wote: kila shilingi na risiti yake, na mkataba una kifungu cha sisi kukagua vitabu vyao. Mmoja amekataa, tumeachana naye ingawa ndiye aliyekuwa mwepesi kuliko wote. Wengine wanalalamika lakini wanaleta.