Kamera ndogo, mkanda na gari ya 602: nilivyohangaika hadi nikapata njia

Kamera yangu iliponiponyoka, sikuwa napiga picha. Nilikuwa nateremka gari ya 602 itokayo Chake kwenda Konde, hapa Pemba, mkono mmoja nimeshika chuma cha mlangoni, mkono wa pili nimempakata mtoto wa mama mmoja tuliyekaa ubavu kwa ubavu njia nzima, maana yeye alikuwa anahangaika na polo lake la muhogo. Mkanda ulinasa kwenye ncha ya benchi. Nikavutika kidogo, nikasikia "tik", na nilipotazama chini nikaona mkanda unaning'inia peke yake. Kamera iliangukia polo la muhogo kwanza, ndipo ikabiringika hadi mchangani. Konda aliiokota akanipa, "Dada, kitu chako hiki," gari ikaondoka. Nilisimama pale barabarani na moyo unanidunda kama wa mtu aliyekoswakoswa na gari.

Alhamdulillahi iliwaka. Pembe moja ilibonyea, alama ipo mpaka leo.

Tangu siku hiyo nimelishughulikia jambo hili la kubeba kamera kwa miaka miwili, na kitu cha kwanza nilichokigundua ni hiki: kamera haidondoki wakati wa kupiga. Wakati huo umeishika kwa mikono miwili na akili yako yote iko kwake. Hudondoka baina ya picha na picha, unapoteremka garini, unapovuka ubao wa kushukia boti, unapoinama kumwamkia mtu, unapopokea kikombe cha chai. Nilipokuwa natafuta mkanda mwanzoni, nilikuwa natafuta wa kunipendeza nikiwa napiga. Hapo ndipo nilipokosea. Niliuchagua kwa ajili ya dakika tano, nikasahau saa nne zilizobaki.

Kamera yenyewe ni Ricoh GR III. Pamoja na betri na kadi ina gramu 257, yaani zaidi kidogo tu ya robo kilo, na inaingia mfuko wa koti. Niliichukua ndogo kusudi. Nawapiga picha bibi yangu na wanawake wenzake wa Tumbe kwenye mwani, na wajomba zangu wakati wa karafuu, ili zibaki kwetu. Ukija na dude kubwa lenye lenzi ndefu, watu wazima wanajitengeneza, wanakuwa wagumu kama wako mbele ya afisa wa pasipoti. Kamera ndogo haiwatishi. Lakini udogo huo huo ndio unaokudanganya: unaibeba kama unavyobeba simu, kumbe haina umbo la kushikika kama simu, na lenzi yake hutoka na kurudi ndani kila unapoiwasha na kuizima.

Basi turudi kwenye ile "tik". Nilipofika nyumbani nikaukagua mkanda. Ulikuwa mzima, bizimu nzima, nyuzi hazijafumka. Kilichoachia ni kile kipete cha chuma kinachounganisha mkanda na kamera, cha aina ya pete za funguo, chembamba. Kilipovutwa upande kilifunguka mdomo, kijicho cha kamera, kile kitundu cha kupachikia mkanda, kikateleza kikatoka. Nilikuwa nimeulipia mkanda mnene wenye sifongo begani, unaoonekana kama ungeweza kumvuta ng'ombe, na nguvu zake zote zilikuwa zinategemea kichuma chembamba kama sindano ya kushonea. Tangu hapo mtu akinionesha mkanda, siutazami upana wake. Nauliza: unashikana na kamera kwa kitu gani?

Kamera nyingi ndogo zina vijicho vyembamba mno, havipitishi mkanda wa kitambaa. Inabidi kuwe na kitu cha katikati. Kama ni pete ya chuma, iwe nene na mizunguko yake ibane barabara, na chini yake uweke kijisahani cha ngozi, la sivyo chuma kitakwangua rangi ya kamera kila ukitembea. Mimi pete nimeziacha kabisa. Natumia kamba nyembamba.

Binamu yangu aliyeko Muscat aliniletea jozi ya vile vifundo vya kampuni ya Peak Design, kijisahani kidogo chenye kikamba kinachopita kwenye jicho la kamera, kisha kinatumbukia kwenye kishikio kilichoko kwenye mkanda. Waliovitengeneza wanasema vinabeba zaidi ya kilo 90. Kilichonipendeza zaidi ni kwamba kikamba chake kimefumwa kwa rangi nyengine ndani, kikisagika nje, rangi ya ndani inajitokeza na unajua muda wake umekwisha. Ni vizuri, sina neno navyo. Lakini Wete huvipati, na kimoja kikichakaa utamsubiri mtu aje na ndege. Nikataka kitu ninachoweza kukitengeneza hapahapa.

Kwanza nikaenda kwa bibi. Wanawake wa mwani wanafunga maelfu ya mafundo, kila tawi la mwani linafungwa kwa taitai, vile vijikamba vyembamba, kwenye kamba iliyonyooshwa baina ya vijiti viwili baharini, na nilidhani nitapata fundo langu pale. Bibi aliichukua kamera, akaigeuzageuza, akacheka. "Mjukuu wangu, fundo letu sisi ni la kufunguka. Mwani ukishakua unavunwa, nani atakaa kulikata fundo moja moja? Wewe unataka la kukaza. Nenda kwa mjomba wako."

Mjomba ni mvuvi. Alinikatia uzi wa mshipi wa kusuka, ule wanaovutia nguru na jodari, wa unene kama wa njiti ya kiberiti iliyochongwa nusu. Aliukunja mara mbili, akazifunga ncha zote kwa pamoja kwa fundo ambalo ndani yake uzi umezunguka mara tatu, kwa sababu, alisema, uzi wa kusuka una utelezi na ukiuzungusha mara moja utajifungua wenyewe taratibu. Kabla ya kulikaza alilitia mate. Nikamuuliza kwa nini. Uzi ukikazwa mkavu unasuguana, unapata moto, unapungua nguvu palepale kwenye fundo. Kisha akaziunguza ncha kidogo kwa kibiriti zikawa na vichwa. Kupachika kwake ni kwepesi: kitanzi kinapita kwenye jicho la kamera, halafu fundo lote linapitishwa ndani ya kitanzi na kuvutwa. Kadiri unavyokivuta ndivyo kinavyojibana.

Sikukiamini hivihivi. Nilikitundika kitanzi cha namna ileile kwenye tawi la mpera na dumu la maji la lita 5, kilo tano hizo, karibu mara 20 ya uzito wa kamera, kikalala usiku kucha. Asubuhi nikaliinua dumu na kuliachia ghafla mara kadhaa. Jaribio hili la kuachia ndilo la maana. Kitu kikining'inia kimetulia hakivuti sana, lakini kikianguka halafu kikakamatwa ghafla, mvuto wake unazidi mara nyingi, na mkanda wa kamera kazi yake ni kule kukamata. Kitanzi kilishika.

Kisha likaja suala la mkanda: wa mkononi au wa begani?

Wa mkononi niliupenda. Ni mwepesi, kamera iko tayari saa zote, na ukikabwa na mtu kwenye msongamano wa soko la Darajani kule Unguja unaihisi. Lakini niambie, Pemba utafika ua gani bila ya kuamkia? Mkono wa kulia umevaa kamera, na mkono wa kulia ndio unaoutoa. Ukimwambia mtu mzima "shikamoo" huwezi kumpa mkono wenye kichuma kinachoning'inia, na wa kushoto haupewi mtu. Nilijikuta kila nyumba naanza kujifungua mkanda mlangoni, kamera naiweka kibarazani, na kibarazani kuna watoto na kuku. Siku moja niliisahau kabisa, nikarudi mbio kutoka barabarani. Kwa anayepiga picha mjini, anatembea peke yake, wa mkononi unafaa. Kwa kazi yangu, hapana.

Wa begani nao una mambo yake kwa mwanamke aliyevaa buibui. Kitambaa chetu kinateleza. Mkanda wa nailoni ukiutundika bega moja, hatua kumi tu uko kwenye kiwiko. Ukiupitisha kichwani ukae mshazari unatulia, lakini sharti upite juu ya buibui na chini ya mtandio, la sivyo kila ukitaka kuutoa unajivua ushungi hadharani na pini zinatawanyika. Nimejifunza kuuvaa kabla ya mtandio, kama ninavyovaa saa, na sivui mpaka nirudi nyumbani.

Mkanda wenyewe niliutengenezesha. Nilinunua utepe wa pamba, ule wa kushonea mishikio ya mikoba, upana sentimita 2, nikampelekea fundi wa makubadhi sokoni Chake. Pamba inakwama kwenye buibui, haitelezi. Upana zaidi ya huo kwa robo kilo ni kazi bure, unakuwa mzigo na hauingii mfukoni pamoja na kamera. Fundi alizishona ncha mbili kwa kipande cha ngozi na uzi uliopakwa nta, akaacha tundu la kupitisha vile vitanzi vya mjomba. Nilimuomba aweke bizimu la chuma, na mkia wa mkanda uliotoka kwenye bizimu tuliurudisha ndani mara ya pili kisha tukaushona kabisa. Bizimu likiachwa hivihivi, mkanda unajilegeza kidogokidogo na huoni. Alinitoza shilingi 6,000 na hakunionea.

Urefu tulipima mwilini. Kamera inakaa juu kidogo ya nyonga, pale kiwiko kinapoweza kuibana. Mwanzo nilitaka iwe ndefu zaidi, nikavaa siku mbili, ikawa inagonga kila benchi la gari. Pia vitanzi vyote viwili nimevitia upande mmoja wa kamera, upande wa kulia, maana GR III ina vijicho viwili huko na kimoja kushoto. Kwa hivyo inaning'inia wima, bapa, inalala ubavuni badala ya kubinuka. Ninapoinama kumshika bibi mkono, naisukuma nyuma kwa kiwiko na haimgongi mtu.

Kuhusu vifuko sina mengi. Nilikuwa nacho kifuko cha ngozi kizuri, kinabana kamera kama kiatu. Masika moja tu nilikiacha kabatini, nikakitoa kimeota ukungu mweupe ndani, na ukungu ukihamia kwenye lenzi ndio basi tena. Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, na ngozi inahifadhi vyote viwili. Sasa natumia kipochi cha ukili alichonisukia bibi, kwa ndani nimeshonea kipande cha kikoi kikuukuu kilichofuliwa mpaka kikalainika, kwa sababu miyaa mikavu inakwaruza kioo. Kinapumua. Hakina zipu, kina kifuniko na kishikizo cha kifuu. Zipu ilinichora mstari kwenye kioo cha kamera ya zamani, sina hamu nayo.

Baharini ni jambo jengine, na hapa naomba anayesoma anisikilize. Kamera hii haikuzibwa dhidi ya maji wala vumbi. Bamvu likifika, maji yanatoka mbali na wanawake wanatembea hadi kwenye mashamba ya mwani, maji ya magoti mpaka mapaja. Niliwahi kufikiria kuifunga chelezo cha nyavu ili ikidondoka ielee. Mjomba aliniuliza, "Ikielea itakuwa hai?" Haitakuwa. Chelezo kitakuokolea kadi, picha za siku ile, basi. Kwa hivyo kule kwenye maji kamera yangu haining'inii. Inakaa ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, kopo liko ndani ya kikapu, na kikapu nakibeba juu ya bega. Nikitaka kupiga nasimama, napanga miguu vizuri, nakausha mikono kwa kitambaa kilicho shingoni, natoa kamera, mkanda unapita kichwani kwanza, ndipo naiwasha. Nikimaliza nafanya kinyumenyume. Nakosa picha nyingi, kweli. Lakini picha ninazozipata kule nazipata kwa utulivu, na wanawake wamenizoea kiasi cha kunisubiri.

Nikirudi, mkanda naufua kwa maji ya kisima, bila sabuni nyingi, nauanika kivulini. Jasho na chumvi vikikauka ndani ya pamba vinaikata. Vitanzi navipitisha kidole kila Ijumaa, nikisikia nyuzi zimeanza kufumuka pale panapogusa jicho la kamera navikata siku hiyohiyo na kufunga vipya. Mjomba amenipa kibunda kizima cha mshipi, na fundo lake sasa nalijua. La mwisho nililifunga mwenyewe ndani ya boti ya kwenda Unguja, kusi limechachamaa, watu wanatapika kushoto na kulia. Nililitia mate, nikalikaza. Nilipofika bandarini Malindi nikavuka ubao na mizigo mikono yote miwili, na kamera ilikuwa imelala ubavuni mwangu.