Kipindi cha Kumi na Tatu

Asubuhi ya Ijumaa moja mwanzoni mwa Juni 2017, mama yangu alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu mbele ya meza ya mapokezi ya kliniki moja ya binafsi mjini Moshi, akisubiri kuingizwa kwenye chumba cha mazoezi, wakati dada wa mapokezi alipoinua macho kutoka kwenye kompyuta na kuniambia kwamba bima imekataa. Alijaribu tena, kisha akaipigia simu kampuni ya bima. Alipoweka simu chini alinieleza, kwa upole lakini kwa sauti iliyosikiwa na kila aliyekuwapo, kwamba mafao ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, kwa mwaka ule yalikuwa vipindi 12, navyo vilikwisha siku ya Jumatano. Kama tulitaka kuendelea, ilitupasa kulipa taslimu, shilingi 25,000 kwa kila kipindi.

Nililipa, na mama akaingizwa ndani kwa kipindi chake cha kumi na tatu. Ila kiasi kile alikuwa amekwisha kukisikia.

Mama alipata kiharusi mwezi wa Aprili, katikati ya masika, akiwa na umri wa miaka 67. Jirani alimkuta ameanguka kwenye migomba nyuma ya nyumba yetu ya Kibosho, upande wote wa kulia ukiwa hauna nguvu na maneno yakimtoka nusunusu. Alilazwa siku tisa. Kitanda, vipimo, dawa na madaktari vyote vililipwa na bima, na kwa hilo sina neno ila shukrani. Mimi ni mhasibu katika kampuni ya kununua na kuuza kahawa, na mwajiri wetu alikuwa ametukatia bima ya afya ya kampuni binafsi. Mfanyakazi aliyetaka kumwongeza mzazi aliruhusiwa, mradi akubali makato ya ziada kwenye mshahara wake. Nilimwongeza mama mwaka 2015. Jedwali la mafao nililisoma hadi mahali palipoandikwa kiwango cha kulazwa, nikaridhika, nikalifunga. Mstari wa fiziotherapia ulikuwa ukurasa uliofuata.

Katika vipindi vile 12 nilikuwa nimejifunza mambo ambayo awali sikuyajua hata kidogo. Nilidhani mazoezi ni nyongeza ya kumchangamsha mgonjwa baada ya matibabu kumalizika. Mtaalamu wa fizio, binti mdogo kwa umri lakini mwenye uthabiti ambao mama aliutii tangu siku ya kwanza, alinionyesha kwamba kwa mtu aliyepata kiharusi mazoezi ndiyo matibabu yenyewe. Sehemu ya ubongo iliyokufa, alisema, haifufuki, lakini sehemu zilizobaki hai zinaweza kufundishwa kazi mpya kwa kurudiarudia tendo lile lile mara nyingi, na miezi ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hufundishika kwa wepesi zaidi. Alitukataza kumvuta mama kwa mkono uliolegea, kwa sababu bega lisilo na misuli ya kulishikilia huweza kuteremka kutoka kwenye kiungo chake, na maumivu yake hayaishi upesi. Alitufundisha kuvinyoosha vidole vyake kila asubuhi visije vikakakamaa. Zaidi ya yote alitukanya tusimfanyie mama jambo lolote ambalo angeweza kulifanya mwenyewe, hata kama lingemchukua nusu saa, hata kama moyo ungetuuma kumtazama.

Kufikia kipindi cha kumi na mbili mama aliweza kuketi bila kuegemezwa, na kuinuka kutoka kwenye kiti akishikwa kiunoni. Alikuwa amesimama kati ya yale mabomba mawili ya kushikilia na kupiga hatua nne. Hatua nne! Na hapo ndipo hesabu ya bima ilipofika mwisho. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi, na bado naliona vilevile: aliyeandika namba 12 katika jedwali lile alihesabu safari za mgonjwa kwenda kliniki, wala hakuuliza mgonjwa anaweza nini baada ya safari hizo. Mtu aliyeteguka kifundo cha mguu na mtu aliyepooza upande mzima walipewa kipimo kimoja.

Tukiwa kwenye teksi, tukiikwea barabara ya Kibosho, mama alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, akilitafuta kila neno, shilingi 25,000 ni kilo ngapi za kahawa. Nikamwomba asijisumbue na hesabu. Akasema, "Mwanangu, sirudi tena kule. Siwezi kula ada za watoto kwa kufundishwa kuinuka kwenye kiti."

Mama yangu alitusomesha mimi na mdogo wangu kwa kahawa na ndizi za kihamba chetu, shamba la ukoo lililoizunguka nyumba, baada ya baba kufariki tukiwa wadogo. Alijua ada inavyotafutwa. Kwa hiyo sikubishana naye, lakini usiku ule nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Mama hakuweza kupanda daladala, na teksi ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 20,000. Ukijumlisha na kipindi chenyewe ni 45,000. Mara tatu kwa wiki ni 135,000, na kwa wiki nne ni 540,000. Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilichoweza ni mara moja kwa wiki, tena kwa kukopa kwenye kikoba chetu cha ofisini, na mtaalamu aliponisikia alikubali kuigeuza siku ile moja kuwa somo la nyumbani, akitufundisha mimi na binti aliyekuwa akimtunza mama yale ya kufanya siku sita zilizobaki. Ilinibidi kumbembeleza mama kwa siku tatu ndipo akakubali.

Kulikuwa na milango mingine, nami niliijaribu mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa na kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii aliyoikata kijijini, ile iliyomtosha kwenye zahanati na kituo cha afya, lakini haikumfikisha kwenye tiba ya viungo mjini. Palikuwa pia na msamaha ambao sera ya afya inautoa kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, ambao huanzia kwa mtendaji wa kijiji. Mama alinikataza kabisa nisiende huko kumwombea barua. Alisema nafasi ile ni ya wazee wasio na watoto, naye anao wawili, wote wana kazi.

Wa pili ni mdogo wangu, mwalimu wa sekondari wilayani Same. Kama watumishi wengine wa umma alikuwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ule ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kazi 2001: alikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, mwajiri akaongeza asilimia 3 nyingine, na kwa mchango huo walitibiwa yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Mzazi aliweza kuwa mmoja wa hao wanne. Nililijua hilo, na sikuwa nimelisema, kwa sababu nilijua pia kwamba mdogo wangu ana watoto wanne, wote wamo kwenye kadi. Ningemwambia amtoe nani?

Alikuja Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, yeye, wifi yangu na kijana wao mkubwa, aliyekuwa na miaka 19 na ametoka kupata matokeo mazuri ya kidato cha sita. Tulikaa sebuleni kwa mama. Mdogo wangu alianza kuzungumzia mkopo wa benki, wifi akataja ng'ombe mmoja wa maziwa ambaye angeweza kuuzwa, nami nikawazuia, maana mkopo na ng'ombe vingetupeleka hadi Desemba tu. Ndipo kijana, ambaye hakuwa ameulizwa neno, akasema: "Shangazi, mimi nitolewe, bibi aingie. Nikifika chuoni kuna bima ya wanafunzi, ni shilingi 50,400 kwa mwaka mzima. Nimeshauliza."

Wifi aliinamisha kichwa. Kutoka Julai hadi vyuo vifunguliwe ilikuwa yapata miezi minne, na mtoto wake angekaa bila kadi miezi yote hiyo. Mama gani asingeogopa? Lakini ni yeye aliyejibu kabla ya mumewe. Alisema, "Basi iwe hivyo, na Mungu atamlinda." Sijapata kusahau kwamba alisema yeye. Wifi yangu ana mama yake mzazi huko Rombo, ambaye hakuwa na kadi yoyote, na nafasi iliyopatikana ndani ya nyumba yake aliiachia mama yangu bila kulitaja hilo hata mara moja.

Kilichofuata kilikuwa cha karatasi, nacho kilitula wiki tatu kwa sababu ya herufi moja. Cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu kinamtaja mama kwa jina la Anastazia, na kadi yake ya mpiga kura inamwandika Anastasia. Fomu ilirudishwa. Ikabidi twende kwa wakili kuapa kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, hati ya kiapo ibandikwe kwenye fomu, fomu irudi Same kugongwa muhuri wa mwajiri, ndipo iende mbele. Wakati wote huo nilikuwa nikihesabu siku, kwa sababu nilikumbuka maneno ya yule binti wa fizio kuhusu miezi ya mwanzo, na kwangu kila wiki ya kusubiri muhuri ilikuwa wiki iliyokatwa kwenye mkono na mguu wa mama yangu.

Kadi ilitoka Agosti. Tuliipeleka KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971 chini ya Mlima Kilimanjaro na yenye chuo kilichowafundisha wataalamu wengi wa fiziotherapia nchini, na daktari akaandika upya mpango wa mazoezi. Mama hakupendezwa kuanza na watu wageni, lakini siku ya pili alimsikia mmoja wao akimsalimia kwa Kichaga, akalainika. Baada ya kila kipindi ilimpasa mgonjwa kuweka saini kwenye fomu ya bima. Mama aliweka dole gumba, la mkono wa kushoto. Kila kipindi alichoandikiwa katika miezi ile kililipwa na kadi ile, "kadi ya kijani ya mwanangu mwalimu", kama mama alivyopenda kuiita. Teksi ililipwa kwa zamu, mwezi wangu na mwezi wa mdogo wangu.

Sasa nchi ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, na kila ninaposikia mjadala wa kitita cha mafao husikiliza kama huduma za utengamao, za kumrudishia mgonjwa uwezo wake kama fiziotherapia, zinatajwa, na kama zinatajwa kwa idadi ya vipindi au kwa hali ya mgonjwa. Naomba kwa dhati wanaopanga vitita, wa serikali na wa kampuni binafsi, wapate nafasi ya kukaa saa moja tu kwenye chumba cha mazoezi kabla ya kuandika namba.

Kijana alipata chuo mwezi wa Oktoba, na Novemba akapiga simu kuniarifu kwamba bima ya wanafunzi inalipiwa wiki ile. Nilikuwa nimekwisha kuzitenga fedha zake. Mama alikataa. Alikuwa ameuza mikungu ya ndizi kwa mama mmoja anayekuja na gari kila Alhamisi, na alitaka kulipa mwenyewe. Wakati huo alikuwa akitembea kwa fimbo kutoka jikoni hadi kwenye migomba na kurudi. Aliketi mezani, akazimwaga noti na sarafu, akazihesabu kwa mkono wa kulia, akizikokota moja moja kwa vidole viwili hadi ukingoni mwa meza. Zilimchukua muda mrefu sana, na noti mbili zilianguka sakafuni. Binti wa kazi aliinuka ili aziokote. Nikamshika mkono, akaketi. Mama aliinama, akaziokota, akaanza kuhesabu upya hadi zikatimia 50,400.