Umeuza kiwanja, makadirio ya kodi yamezidi: jinsi ya kujiandaa kwa pingamizi na rufani

Ukiuza kiwanja au nyumba Arusha au Moshi, hati haihamishwi kabla ya kodi ya ongezeko la mtaji kulipwa: asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania. Asilimia yenyewe haina ugomvi. Watu wanagombana na TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kuhusu thamani ya mali na gharama walizotumia.

Chukua kiwanja cha Njiro kilichonunuliwa kwa milioni 45, kikajengwa uzio na msingi kwa milioni 18, kikauzwa na kuthaminiwa milioni 85. Faida ni milioni 22, kodi milioni 2.2. Afisa akizikataa zile 18 kwa kukosa uthibitisho, faida inapanda hadi milioni 40 na kodi inakuwa milioni 4. Unachopigania ni milioni 1.8.

Pingamizi linaandikwa kwa Kamishna Mkuu wa TRA ndani ya siku 30 tangu upokee makadirio, likitaja sababu mojamoja na hesabu yako. Sambamba na hilo unalipa kiasi usichokibishia au theluthi ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Theluthi ya milioni 4 ni kama milioni 1.33, lakini mwenyewe umekubali 2.2, kwa hiyo unalipa 2.2. Aliyelipa theluthi kwa kuwa ndiyo aliyoisikia mtaani, pingamizi lake halipokelewi. Kama fedha haipo, omba kwa maandishi upunguziwe au uondolewe sharti hilo, ndani ya siku zilezile na ukieleza sababu.

Uamuzi wa Kamishna usipokuridhisha, unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi. Notisi ya kusudio la kukata rufani ina siku 30, rufani yenyewe siku 45, na zote zinahesabiwa tangu siku uliyopokea uamuzi. Anayeanza kuhesabu 45 baada ya kupeleka notisi amekwisha kuchelewa.

Sasa karatasi, maana kisheria mzigo wa kuthibitisha kwamba makadirio yamezidi ni wako wewe uliyekata rufani. Mkataba wa mauziano wa siku uliyonunua ndio msingi wa kila kitu. Saruji, nondo na tofali ziwe na risiti za EFD, yaani za mashine ya kielektroniki ya kodi. Malipo ya fundi yanahitaji mkataba wake pamoja na taarifa ya benki au ya miamala ya simu, iliyotolewa na kampuni yenyewe na kugongwa mhuri. Ongeza kibali cha ujenzi, ada ya wakili, ya upimaji na ya dalali. Hizo nazo ni gharama, ingawa watu huzisahau. Risiti kumi za daftari zenye mwandiko mmoja na wino mmoja, bora uziache nyumbani: zitafanya hata zile za kweli zitiliwe shaka.

Kwenye thamani, soma ripoti ya uthamini mstari kwa mstari. Je, mita za mraba zinalingana na hati? Je, kiwanja cha Muriet, pembezoni mwa Arusha, kimelinganishwa na cha Njiro, au cha vumbi na cha kando ya lami? Kiwanja kinachopakana na mto, kama Themi au Karanga, kina eneo usiloruhusiwa kujenga kitu cha kudumu ndani ya mita 60 za kingo. Ramani ya upimaji ikionyesha hivyo, thamani haiwezi kuwa sawa na ya jirani wa juu. Ukileta ripoti mbadala, iwe ya mthamini aliyesajiliwa na iidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali.

Siku ya kusikilizwa beba nyaraka halisi, na kila ukurasa wa kabrasha uwe na namba. Mthamini wako aje mwenyewe. Ripoti isiyo na mtu wa kuhojiwa juu yake inapungua uzito. Kulalamika kwamba maisha magumu hakusaidii, wala kuleta hoja ambayo haikuwemo kwenye pingamizi.

TRA wakitaka mazungumzo kabla ya shauri kusikilizwa, nenda na hesabu yako ikiwa tayari. Mkielewana, makubaliano yaandikwe, yasainiwe na pande zote na yawasilishwe Bodi. Usifute rufani kwa ahadi ya mdomo.